Jibu: Ninunue apatimenti ya kupangisha Mikocheni kwa mkopo?

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: apatimenti ni milioni 140, kodi laki 8 kwa mwezi, mkononi una milioni 40, iliyobaki benki kwa riba ya asilimia 15. Unauliza kama kodi itabeba marejesho.

Haitabeba. Laki 8 mara 12 ni milioni 9.6, wakati riba peke yake mwaka wa kwanza inakaribia milioni 15. Hapo bado kodi ya zuio, yaani ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, asilimia 10, ada ya ulinzi na lifti, na miezi ya kukaa bila mpangaji.

Hata hiyo laki 8, nani kakuambia? Niliponunua vyumba vyangu Sinza dalali aliapa kila kimoja kinaingiza laki mbili. Nikagonga mlango, mama mmoja mpangaji akanitolea mkataba kwenye kabati: laki na nusu. Bei tukaanza kuijadili upya.

Kabla ya yote, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, yaani uangalie kwenye kumbukumbu zao mmiliki ni nani. Hakikisha ina hati yake ya sehemu ya jengo, siyo hati ya kiwanja kizima kwa jina la mjenzi. Muuzaji akikuzungusha kwenye hilo, usilipe hata kishika uchumba.

Kwa milioni 40, ningekuwa wewe ningetafuta vyumba vya kawaida mbali kidogo na mjini, bila mkopo.