Utani wa kadi za Krismasi, nyumbani na kazini

Dada yangu wa Mkunazini, Unguja, umeuliza uandike nini cha kuchekesha kwenye kadi za Krismasi bila kumuudhi mtu. Anza na ile theluji iliyochorwa kwenye kadi, maana sisi Disemba tunavuja jasho: "Theluji hii ya Ulaya. Ya kwetu imo frijini, umeme ukikatika ndiyo basi."

Ndugu mtanie kwa jambo mnalolijua wawili: "Kaka, zawadi uliyoniahidi mwaka jana naona bado iko bandarini Malindi." Marafiki wanastahamili hata makali zaidi.

Kazini ndiko pa kuangalia. Wenzio wengi Waislamu, na utani unaokaa vizuri ni wa kulishana kwa zamu: "Ulinilisha Idi, njoo nikulishe Krismasi. Pilau tumelipana, sambusa bado nakudai." Usiguse pombe, unene wala ndoa, hata kama mwenyewe hujitania. (Na ukimwalika kweli, kuku achinjwe na Muislamu, umwambie mapema.)

Bosi? Mstari mmoja: "Krismasi njema, simu yangu imelala mpaka tarehe 27." Lakini umjue kwanza kama anacheka.