Akiacha kemia hajafeli

Kaka, shikamoo. Wifi, poleni na joto la Tanga. Sauti mliyonitumia nimeisikiliza. Mnauliza kama kweli chuo cha huku Marekani kinamruhusu mtoto kuacha somo, hiyo kemia yake, katikati ya muhula, au binti yenu anatafuta njia ya kuficha kufeli. Na kama ni kweli, je, udaktari ndiyo basi tena? Nitawajibu wazi, sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ni kweli. Mwanzoni mwa muhula mwanafunzi hubadilisha masomo na hakibaki kitu kwenye rekodi. Siku hizo zikipita, kuna tarehe nyingine mbele. Akiacha somo kabla ya hiyo, transkripti, yaani rekodi ya alama zake, inaandikwa W, maana yake ameacha somo. W haiingii kwenye GPA, yaani wastani wa alama zake. F, ya kufeli, inaingia, tena kama sifuri.

Nilipiga naye hesabu. Ana krediti 16, yaani uzito wa masomo yake yote ya muhula: masomo manne ya krediti tatu tatu, na kemia krediti nne. Kwenye yale manne anakwenda na B. Akipata F ya kemia, GPA ni 2.25. Akiiacha, ni 3.0. Na asitegemee sapu, ule mtihani wa marudio. Huku ukifeli unarudia somo zima, na ada yake juu.

Najua mnashangaa, maana kidato cha sita kemia alipata A. Kule alijiandaa kwa mtihani mmoja mkubwa wa taifa. Hapa kila wiki kuna kitu cha maksi. Kazi za nyumbani zinafanywa kwenye mfumo wa mtandaoni, na Jumapili saa sita usiku mlango unafungwa. Ukichelewa dakika moja ni sifuri. Ukumbini wako mamia, mwalimu hamjui kwa jina. Mwezi wa Septemba, akiwa bado anahangaika na baridi na upweke, maksi zilikuwa zinapotea kidogo kidogo. Nyumbani tumezoea kusema nitafidia mtihani wa mwisho, kwa sababu ndio unaobeba. Wa kwake una asilimia 30 tu. Hauwezi kumwokoa.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu wenzake Wamarekani halihusiani nao na hawatamwambia. Viza yake ya mwanafunzi, F-1, inamtaka awe na krediti zisizopungua 12 kila muhula. Akiacha kemia anabaki na 12 kamili. Angekuwa amechukua 14, angebaki na 10, na kushuka hivyo bila ruhusa ni kuhatarisha viza yenyewe. Ruhusa ya kupunguza masomo kwa sababu ya ugeni wa ufundishaji ipo, lakini hutolewa mara moja tu katika ngazi ya digrii, na lazima iombwe kabla ya kuacha somo. Kwa hiyo nimemwambia asibonyeze chochote kwenye simu yake mpaka afike ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Wahakikishe zile 12 ni halali, maana somo la mtandaoni linahesabiwa moja tu. Asome pia barua ya ufadhili, aone wanataka krediti ngapi.

Rai yangu: aiache. Ada ya somo hilo hairudi, muda wa kurudishiwa umeshapita. Kaka, najua hilo litakuuma, najua na shamba lililouzwa. Lakini hela hiyo imekwenda akibaki au akiondoka.

Udaktari haujafungwa. Huku unasomwa baada ya digrii ya kwanza, miaka minne kisha minne mingine, na wanaochagua wanafunzi huangalia alama zote, hata za somo lililorudiwa. W moja ya mwaka wa kwanza inaelezeka. F ataieleza miaka yote. Kemia ataichukua tena, na safari hii aende kwa mwalimu saa za ofisi tangu wiki ya kwanza, na kwenye kituo cha mafunzo ya ziada ambako hatoi hata senti.

Wifi, lile neno "usituaibishe" naomba uliondoe. Alinisomea huku analia. Mtoto huyu analala saa nane za usiku juu ya vitabu, na sasa anaogopa kupokea simu yenu.

Tarehe ya mwisho ni Ijumaa. Ofisini anakwenda Jumatano asubuhi. Mpigieni kesho saa mbili usiku ya huko. Kwake itakuwa saa sita mchana, na hana kipindi.