Bustani ya Nyumbani: maganda ya matoke, vumbi la barabara na majivu ya sigiri

Mama Bustani wa Walukuba, Jinja, Uganda, anajibu barua za wasomaji

Mvua zimeanza na barua zimefuatana nazo. Nyingi zinauliza: ninunue dawa gani? Safari hii nimechagua zile zinazohusu vitu tunavyoviingiza bustanini kwa mikono yetu wenyewe, kwa sababu humo ndimo ninamoona watu wakipoteza mboga, na wengine afya, wakiamini kwamba cha bure na cha asili hakidhuru.

Salaam Mama. Mimi ni mpangaji hapa Kawempe, Kampala. Jirani yangu anauza chakula na kila jioni ananipa maganda ya matoke bure. Nilichimba shimo karibu na choo nikayajaza humo yawe mbolea. Sasa shimo linanuka, inzi wamejaa, na mwenye nyumba anataka nilifukie. Nifanyeje?

Mwanangu, mwenye nyumba ana haki kulalamika, lakini hayo maganda ni mali. Yana potasiamu nyingi na unayapata bila shilingi. Tatizo ni hewa. Ganda la matoke limejaa maji. Ukiyarundika peke yake yanalaliana, yanashikana kwa ule utomvu wake unaotia mikono weusi, na baada ya siku chache unapata bamba zito lisilopitisha hewa. Vijidudu vinavyoozesha vitu pasipo hewa ndivyo vinavyotoa harufu hiyo. Na shimo linazidisha, maana sehemu za chini za Kawempe maji ya ardhini yako karibu. Mvua moja tu, shimo ni dimbwi.

Toa kila kitu, ufukie shimo kama ulivyoambiwa, halafu jenga lundo juu ya ardhi, mbali na choo. Upana mita moja, kimo mita moja. Tandika vijiti chini ili hewa ipite. Kwa kila debe la maganda weka madebe mawili ya kitu kikavu: majani ya mwembe, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, maganda ya kahawa, au maranda ya seremala. Maranda umuulize fundi kwanza kama mbao zilipakwa dawa ya mchwa. Zikiwa zimepakwa, mwachie. Kila tabaka litupie viganja vya samadi ya mbuzi na udongo kidogo. Juu kabisa pawe na kitu kikavu siku zote, unene wa kiganja, inzi asione ganda hata moja.

Kabla ya kumwaga, yatandaze maganda juu ya gunia uyachambue. Nasisitiza hili. Maganda ya jikoni la biashara huja na vipande vya kaveera, yaani mifuko ya plastiki, vifuniko vya soda, na mara nyingine wembe. Kaveera haliozi. Linakatika vipande vidogo zaidi na zaidi, na vipande hivyo vinabaki udongoni mwako miaka mingi baada ya wewe kuhama.

Siku ya nne chomeka kijiti hadi katikati ya lundo, kiache dakika chache, kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na kinateleza, ongeza majani makavu na ugeuze. Geuza kila wiki. Kwa joto letu mboji huiva kwa miezi miwili hadi mitatu. Utaijua: huwezi tena kutambua ganda, ukiiminya inashikana, ukiigusa kwa kidole inavunjika, na inanukia udongo wa msituni.

Hukuuliza utapanda wapi, lakini mpangaji asiye na ardhi atumie gunia. Chukua mkebe mkubwa, utoe kitako. Usimamishe katikati ya gunia, jaza kokoto ndani ya mkebe, na udongo uliochanganywa na mboji pembeni yake. Vuta mkebe juu, jaza tena, mpaka ufike mdomoni. Ukimaliza una nguzo ya kokoto katikati, na maji unayomwaga juu yanashuka nayo hadi kwenye mizizi ya chini. Toboa matundu ubavuni, panda sukuma wiki na dodo, mchicha wetu. Weka gunia mahali litakapokaa, kwa sababu likishajaa halibebeki.

Mama Bustani, kati ya ua wangu na barabara ya Northern Bypass kuna ukanda wa ardhi usiotumika. Nimelima dodo hapo kwa samadi ya ng'ombe tu, sijatia kemikali yoyote. Mume wangu anasema magari yanaitia sumu. Mimi nasema mvua inaosha. Nani mkweli? Dada wa Kyebando.

Mumeo, dada yangu, na naomba usivune tena hapo kwa ajili ya watoto.

Jambo hili limepimwa Kampala kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulichunguza mashamba 11 kando ya barabara kuu za kuzunguka jiji, na mboga iliyopimwa ilikuwa dodo hiyohiyo. Walikuta madini ya risasi kwenye udongo na kwenye majani, yakipungua haraka kadiri unavyosogea mbali na lami. Ushauri wao ulikuwa mboga za majani zilimwe angalau mita 30 kutoka barabara zenye magari mengi. Ni kweli petroli yenye risasi imeshaachwa katika nchi zetu, lakini risasi haiozi. Iliyotua kwenye udongo wa kandokando ya barabara za zamani bado imo. Na barabara yoyote, ya zamani au mpya, ina vumbi la matairi na breki, nalo hubeba madini mengine.

Kuosha kunasaidia kwa vumbi lililo juu ya jani. Kilichopita mizizini hakioshwi. Na risasi inaumiza zaidi ubongo wa mtoto anayekua, kimyakimya, bila homa wala kutapika ili umpeleke hospitali.

Usiuache ukanda huo mtupu. Panda ua mnene wa miti na vichaka, uache ukue mrefu: utazuia vumbi lisiingie uani, na dodo uihamishie nyuma ya nyumba. Hayohayo nawaambia wanaolima mayuni (magimbi) na mboga kwenye vinamasi vinavyopokea maji machafu ya jiji, kama kile cha Nakivubo. Udongo ule ni mweusi na mboga zinastawi kweli. Lakini maji yanayoulisha yametoka viwandani na kwenye mitaro, na mmea hauchagui.

Sukuma wiki yangu imejaa vidukari, majani yamejikunja. Jirani ananiambia nichanganye sabuni ya unga na mafuta ya taa nipulize. Ni sawa? Mama wa Arua.

Mafuta ya taa hapana, mama. Yanaunguza majani, yanaingia udongoni, na hiyo ni mboga utakayoila. Sabuni ya unga nayo ni kali kwa mmea.

Geuza jani moja uliangalie kwa chini. Utaona vidukari wa kijivu wamebanana kwenye mishipa ya jani, na pengine sisimizi wanapita kati yao. Sisimizi hao hawawali. Wanawalinda, kwa sababu kidukari hutoa maji matamu wanayoyapenda. Angalia pia kama kuna mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoadoa meusi, au kile kifunza chake cheusi chenye miguu sita. Hao ndio wanaokula vidukari. Ukiwaona, subiri wiki moja kabla ya kupuliza chochote.

Wasipokuwepo, anza na maji matupu: wapigie kwa nguvu chini ya majani asubuhi, wengi wataanguka na hawatarudi. Majani yaliyojikunja kabisa yakate, uwape kuku. Wakibaki, kuna sabuni ya mche iliyokunwa, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, upulize chini ya majani jioni, na asubuhi uoshe kwa maji safi. Na mwarobaini unastawi kwenu kaskazini. Twanga mbegu zilizokauka, gramu 50 kwa lita moja ya maji, ziloweke usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Nao upulize jioni, kwa maana jua linaua nguvu yake.

Niliweka mbolea ya kuku moja kwa moja toka bandani kwenye nyanya chungu, nikaongeza majivu. Harufu ilikuwa kali hadi macho yakatoka machozi, kisha mimea ikakauka kingo za majani. Kosa ni kuku au majivu? Mzee wa Tororo.

Vyote viwili, mzee wangu, na zaidi kukutana kwao. Mbolea mbichi ya kuku ina nitrojeni nyingi inayounguza mizizi. Majivu yanapokutana nayo yanafukuza nitrojeni hiyo hewani kama amonia, na ndiyo iliyokutoa machozi. Kwa hiyo uliunguza mimea, na mbolea yenyewe ikapotea. Mwagilia maji mengi sasa. Mimea yenye chipukizi katikati itapona.

Baadaye mbolea ya kuku ipite kwanza kwenye lundo, kama nilivyomweleza kijana wa Kawempe. Majivu yaweke peke yake, konzi moja kwa mita moja ya mraba, na si kila wiki, maana yakizidi udongo unaharibika. Na nauliza hata kama hukusema: sigiri yenu mnaiwasha na nini? Nyumba nyingi huwasha mkaa kwa kaveera. Majivu ya hapo yatupwe. Bustanini yaende majivu ya kuni na mkaa uliowashwa kwa karatasi au vijiti.

Nyanya za sokoni Mbale zina unga mweupe. Nimeamua kulima zangu bila dawa, lakini kila mvua zinanyauka na kuwa nyeusi. Je, inawezekana kweli?

Inawezekana kwa bustani ya nyumbani, ila si kwa njia ile ya shambani. Unga huo mara nyingi ni mancozeb, dawa ya ukungu. Wakulima wanaipuliza sana kwa sababu ya ugonjwa huohuo unaokusumbua, ule mabwana shamba wanaouita bakajani chelewa. Ukungu huo unapenda baridi na majani yaliyolowa, na mteremko wa Mlima Elgon hapo kwenu una vyote viwili. Nyanya za sokoni zioshe kwa kuzisugua kwenye maji yanayotiririka.

Zako zipande chini ya upenu au turubai linalopitisha mwanga, mvua isiguse majani. Mmea hadi mmea sentimita 60. Zifunge kwenye miti, kata majani yote ya chini yanayogusa ardhi, mwagilia kwenye shina asubuhi. Usizipande karibu na viazi ulaya, maana wanaugua ugonjwa mmoja. Jani la kwanza lenye doa jeusi la majimaji lichome, lisiende kwenye mboji. Na mvua kubwa zikiwa zimekaza, hiyo nafasi ipe nakati, ile mboga ya majani, au nyanya chungu, zinazovumilia zaidi.

Nina bustani Entebbe na majirani wananunua. Naweza kuandika kwamba mboga zangu ni za kilimo hai?

Kuwaambia majirani unavyolima ni jambo jema. Nembo ya Kilimohai ni kitu kingine: inafuata kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa mwaka 2007, na huwezi kuibandika bila kukaguliwa. Mkulima mdogo hahitaji kumlipa mkaguzi peke yake. Kuna utaratibu wa vikundi ambamo wakulima hukaguana wao kwa wao. Waulize NOGAMU, chama cha kilimo hai cha Uganda kilichoanzishwa 2001, kina ofisi Kampala. Kwa sasa nunua daftari, uandike tarehe na kila kilichoingia bustanini: samadi ya nani, mbegu za duka gani, majani kutoka wapi. Kikundi chochote kitaanza kwa kuliomba daftari hilo.

Mama, tuko kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kiangazi maji ni ya foleni. Naweza kumwagilia lengalenga (mchicha) kwa maji ya kuoshea vyombo na nguo? Baba wa watoto watano.

Ndiyo, ndugu yangu, kwa masharti. Maji ya kuoshea vyombo na ya suuza ya mwisho ya nguo yanafaa, kama umetumia sabuni ya mche. Yenye JIK, ile dawa ya kung'arisha nguo, usitumie, wala yaliyofuliwa nepi. Yatumie siku hiyohiyo, yakilala yananuka. Yamwage udongoni, yasiguse majani, na zaidi kwenye migomba na mipapai. Lengalenga yape ile suuza tu, na muipike vizuri. Wiki moja moja mwagilia maji safi ili sabuni isirundikane.

Kisha funika udongo kwa nyasi kavu, unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Fukua chini ya nyasi adhuhuri kwa kidole: pakiwa na unyevu, jerikeni ya leo wapeni watoto waoge.