Panorama si picha ndefu: kwa wanaoanza kupiga mandhari

Wadogo zetu, panorama mnazoleta, fremu kadhaa zilizounganishwa kuwa picha moja, ni zilezile: ukingo wa roshani umekatika katikati, mnazi mmoja una vigogo viwili, bahari imepanda ngazi. Ukiuliza, jibu ni "si unazungusha tu?" Hapana. Anzeni na neno lenyewe, maana nusu ya kazi imo humo.

1. Neno. Mchoraji Robert Barker, mzaliwa wa Ireland, alipata hataza mwaka 1787 ya mchoro unaomzunguka mtazamaji pande zote. Kwanza aliupa jina la Kifaransa. "Panorama" likaja baadaye, kutokana na Kigiriki pan, "yote", na horama, "kinachoonekana". Mwaka 1793 jengo lake la mviringo lilifunguliwa Leicester Square, London. Watu waliingia kwa chini, wakapanda jukwaa la katikati. Nuru ilishuka kutoka juu, na kingo za turubai zilifichwa ili jicho lisijue mchoro unaishia wapi.

Shikeni hilo: mtazamaji yuko mahali pamoja, dunia ndiyo inayomzunguka. Neno halikutaja urefu. Ukikata juu na chini ya picha moja, umepata picha iliyokatwa. "Mandhari" yetu imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kutazama, uleule uliozaa "nadharia", lakini hata dirisha dogo lina mandhari yake. Panorama inadai pande zote. Wenzetu wa video wakisema "piga pan", yaani geuza kamera upande, wanatumia kipande cha neno hilohilo.

2. Kuzungusha mwili badala ya lenzi. Kosa hili sote tuliotangulia tumelifanya, na linauma kwa sababu hulioni uwanjani. Kwenye kioo cha kamera kila fremu ni safi. Unafika nyumbani, unaunganisha, ukingo umevunjika, na jua la saa kumi na mbili halirudi.

Ukishika kamera mkononi ukageuka, lenzi inachora duara kuzunguka kifua chako. Kila fremu imepigwa kutoka mahali tofauti, kwa hiyo vya karibu vinahama mbele ya vya mbali. Hiyo ndiyo paralaksi, na programu haiwezi kukubaliana na nguzo iliyo mahali pawili. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, kama mbele yako hakuna kitu cha karibu, utasalimika. Kwenye paa la Mji Mkongwe, penye ukingo wa mbao mita moja kutoka kwako, husalimiki.

Tripodi peke yake haitoshi, maana skrubu inashika chini ya sensa, kile kibamba kinachopokea nuru ndani ya kamera, ilhali mhimili wa kuzungukia unatakiwa upite kwenye lile tundu unaloliona ukichungulia lenzi kwa mbele. Funga kamera juu ya reli ya kusogeza. Panga fimbo ya karibu na nguzo ya mbali ziwe mstari mmoja, kisha geuza kamera kulia. Fimbo ikikimbilia kushoto mwa nguzo, kamera iko mbele mno: irudishe. Ikikimbilia kulia, isogeze mbele. Rudia hadi fimbo itulie pande zote mbili, halafu weka alama ya kalamu kwenye reli, moja kwa kila lenzi. Kwa lenzi ya zoom, alama ni ya urefu ule tu wa fokasi uliopimia.

3. Sawazisha kichwa cha tripodi kinachozunguka. Ukisawazisha kamera peke yake, upeo wa macho utapanda na kushuka kila unapogeuza.

4. Simamisha kamera wima. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24, kila fremu inameza kama digrii 53 kwa upana. Geuza digrii 36 kila mara: fremu kumi, mduara umefungwa, na zinapandana karibu theluthi.

5. Kamera kwenye M (unapanga nuru mwenyewe), ISO (wepesi wa sensa kwa nuru) isibadilike, fokasi imefungwa, mizani ya weupe (inayorekebisha rangi ya nuru) isiwe otomatiki.

6. Vua kichujio cha polaraizi, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao. Kinatia anga giza zaidi penye digrii 90 kutoka kwenye jua, kwa hiyo mduara mzima unatoka na mabaka ya buluu.

7. Piga picha ya kiganja chako kabla ya fremu ya kwanza na baada ya ya mwisho. Ukikaa na faili mia tatu za mawingu, viganja ndivyo vitakavyokuonyesha seti inaanzia wapi.