Msimu wa Formula 3 unaanza Ijumaa, si Jumapili

Kwenye baa nyingi za Sinza na Kinondoni, Jumapili ya Formula 1 ina swali lake. Saa kumi jioni magari yanapanga gridi, mtu anaagiza kinywaji, anaangalia majina kwenye skrini, kisha anauliza: huyu dogo katokea wapi? Mwaka 2025 swali hilo lilichosha masikio, maana madogo waliingia kwa mpigo: Antonelli, Bortoleto, Hadjar, Bearman. Jibu langu huwa ni moja. Hawa walikuwa hapo hapo, kwenye viwanja hivyo hivyo, wikiendi zile zile, ila wao walikimbia asubuhi wakati wewe uko kanisani au unaosha gari.

Mimi ni fundi wa gari, gereji yetu iko Ilala, na misimu ya vijana nimeifuata kwa miaka kadhaa sasa kuliko hata ligi ya mpira. Nimeulizwa mara nyingi mtu aanzie wapi, ndiyo maana naandika. Ngazi yenyewe ni fupi kuielewa: mtoto anaanza na gokati, anapanda Formula 4, halafu Formula Regional, halafu Formula 3, halafu Formula 2, na huko juu kuna viti 22 tu vya Formula 1 kwa dunia nzima. Formula 3 kwa sura yake ya sasa ilianza 2019, Formula 2 ilichukua nafasi ya GP2 mwaka 2017. Zote mbili husafiri na Formula 1. Ukiwa na muda wa kufuata moja tu, chagua Formula 3.

Sababu yangu ni ya kifundi. Magari yote 30 ya Formula 3 yametengenezwa na Dallara wa Italia. Injini zote ni Mecachrome ya Ufaransa, V6 ya lita 3.4, haina tabo (turbo), nguvu za farasi 380. Matairi yote ni Pirelli. Injini inakuja imefungwa kwa lakiri, timu hairuhusiwi kuifungua. Hebu fikiria, fundi unapewa injini na unaambiwa usiguse! Kinachobaki mikononi mwako ni upepo wa matairi, shokapu na springi, gari liinuke au lilale kiasi gani, bawa lisimame kwa pembe ipi. Na muda wa kuyajaribu hayo yote ni dakika 45 za mazoezi, siku ya Ijumaa, basi. Baada ya hapo unaingia kwenye mchujo, yaani kila dereva anasaka mzunguko wake wa kasi zaidi ili kupanga nani aanzie wapi. Kwenye Formula 1 unaweza kubishana mpaka usiku kama ni gari au ni dereva. Hapa ubishi huo unapungua sana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio mkubwa: usianze kutazama Jumapili. Anza na mchujo wa Ijumaa.

Mchujo ni dakika 30. Kwa mbio za Ulaya wakati wa kiangazi chao, mara nyingi huangukia saa kumi jioni ya Dar, maana tunawatangulia kwa saa moja tu (Silverstone, Uingereza, ni saa mbili). Sasa angalia dakika hizo 30 zinavyopanga wikiendi nzima. Aliyeshika nafasi ya kwanza anachukua pointi 2 hapo hapo, na Jumapili anaanza mbele kwenye mbio kuu, ambazo mshindi wake anapata pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15. Lakini Jumamosi kuna mbio fupi, na huko gridi hugeuzwa: 12 bora wa Ijumaa wanapinduliwa kichwa chini miguu juu. Wa kwanza anaanza wa 12, wa 12 anaanza wa kwanza. Mshindi wa Jumamosi anapata pointi 10, wa pili 9, inashuka hivyo mpaka wa kumi anapata 1.

Tafakari kidogo kuhusu nafasi ya 12 na ya 13. Wa 12 kesho yake anaanza mbele ya watu wote. Wa 13 anaanza wa 13 Jumamosi, wa 13 Jumapili, na katikati kule ndiko magari yanakogongana. Tofauti kati ya watu hawa wawili inaweza kuwa sehemu ndogo sana ya sekunde, pengine elfu chache. Watangazaji wanashangilia aliye kwenye kilele cha orodha, mimi macho yangu yako chini kidogo, pale kwenye mstari. Nikiwa gerejini nafungua ukurasa wa muda kwenye tovuti rasmi ya mashindano. Ni namba tu zinazobadilika, haili bando kama video, na ukishazoea kuisoma unaona mengi: nani katoka mapema matairi bado ya baridi, nani kasubiri mwisho halafu bendera nyekundu, ile ya kusimamisha magari yote, ikamkata.

Monza, kule Italia, ndipo mchujo unapotia watu wazimu. Pale pana nyoofu ndefu, na anayemfuata mwenzake kwa nyuma anavutwa na upepo, anaongeza kasi bure. Kila mtu anataka awe wa pili, hakuna anayetaka kuwa wa mbele. Mwaka 2019 magari ya Formula 3 yalitambaa yakisubiriana mpaka ikawa kama foleni ya Tazara saa kumi na mbili jioni, mchujo ukaishia kwenye bendera nyekundu, na madereva zaidi ya kumi wakala adhabu. Magari ya mbio, yanatambaa! Nilicheka, halafu nikawaza hasira za mafundi wao.

Jambo la pili ninalowaambia watu ni kuwa na daftari. Si lazima liwe la maana, la mistari lile la dukani linatosha. Kila dereva unayemfuata mpe ukurasa, kila wikiendi andika vitu vitatu: nafasi ya Ijumaa, pointi za Jumamosi, pointi za Jumapili. Usiandike alivyopita watu wangapi wala maneno aliyosema kwenye redio. Ukifika katikati ya msimu, kurasa zenyewe zinaanza kuongea. Kuna dereva ambaye kwenye video za YouTube ni simba, anapita watu kona baada ya kona, ukifungua ukurasa wake unakuta 25, sifuri, sifuri, 10, sifuri. Na kuna mwingine ambaye humkumbuki hata rangi ya gari lake, ukurasa wake umejaa namba za wastani na sifuri chache.

Wa namna hiyo ya pili ndiye aliyechukua ubingwa 2024. Leonardo Fornaroli, Mwitaliano wa timu ya Trident, alikuwa bingwa wa Formula 3 bila kushinda mbio hata moja msimu mzima. Hata moja. Mbio za mwisho zilikuwa Monza, Jumapili asubuhi, na ubingwa ulikuwa unaning'inia kwenye nafasi ya tatu. Mzunguko wa mwisho alikuwa wa nne. Akampita Christian Mansell, akamaliza wa tatu, kombe likawa lake. Wiki ile kuna waliosema ni ubingwa wa kubahatisha. Mwaka uliofuata akapanda Formula 2, Julai akashinda mbio fupi Silverstone, na kabla mwaka haujaisha akawa bingwa wa Formula 2 pia. Waliosema bahati sijawasikia tena.

Formula 2 yenyewe ina ladha nyingine. Hapo injini ni Mecachrome ile ile ya lita 3.4 lakini ina tabo, nguvu za farasi 620, na mbio kuu ya Jumapili inamlazimu dereva aingie piti kubadilisha matairi. Ndiyo maana mambo ya ajabu yanawezekana. Gabriel Bortoleto wa Brazil aliharibu mchujo wa Monza 2024, akaanza wa mwisho, nafasi ya 22, na akashinda. Mwisho wa msimu akawa bingwa, baada ya mpinzani wake Isack Hadjar kuzimikiwa na gari kwenye gridi ya Abu Dhabi. Mwaka mzima wa kazi, halafu gari linazima pale taa za kuanzisha mbio zinapozimika. Mambo kama hayo yanafurahisha, sikatai. Ila kwenye Formula 3 hakuna kuingia piti, hakuna nati ya tairi iliyokataa, kwa hiyo ukurasa wa daftari unasema ukweli zaidi.

Sasa nisikufiche: kuwa bingwa hakumaanishi kiti. Felipe Drugovich alishinda Formula 2 mwaka 2022 na Formula 1 haikumpa kiti cha msimu. Oscar Piastri alishinda Formula 3 mwaka 2020 na Formula 2 mwaka 2021, halafu akakaa mwaka mzima benchi, maana bingwa haruhusiwi kurudi Formula 2. Kimi Antonelli alimaliza wa sita Formula 2 mwaka 2024 na akapewa gari la Mercedes. Fornaroli na makombe yake mawili mfululizo, 2026 gridi imeanza bila yeye, kiti cha mgeni pekee kimekwenda kwa Arvid Lindblad, ambaye kwenye Formula 2 hakuingia tatu bora. Sisemi Antonelli au Lindblad hawastahili, wana kasi na mtu yeyote anaiona. Nasema ukimchagua dereva wa kumfuata, angalia pia amefungwa na nani: Mercedes, Red Bull, Ferrari na wengine wana vijana wao wanaowalea tangu gokati. Kijana asiye na mlezi anaweza kukimbia vizuri na mlango ukabaki umefungwa. Ukilijua hilo mapema hutaumia moyo mwezi Desemba.

Ukitazama na watoto, wajue pia kwamba huu mchezo unaua. Matairi yako nje ya bodi, tairi la mbele likigusa tairi la nyuma la mwenzake gari linapaa. Tarehe 31 Agosti 2019 Anthoine Hubert, umri wake 22, alifariki Spa, Ubelgiji, kwenye mbio za Formula 2. Julai 2023, uwanja huo huo, alifariki Dilano van 't Hoff wa Formula Regional, miaka 18. Kwa upande mwingine, wiki moja tu baada ya Hubert, gari la Formula 3 la Alex Peroni liliruka hewani Monza likatua juu ya uzio, naye akatoka akitembea, ingawa mfupa wa mgongo ulikuwa umevunjika. Ile bomba ya juu ya kichwa cha dereva, halo, imeokoa wengi. Mvua ikinyesha Spa, mimi wanangu nawapeleka nje wakacheze.

Wazazi nao huniuliza. Kijana wa miaka minane anapenda magari, anaweza? Lewis Hamilton alianza gokati na umri huo huo, baba yake akifanya kazi zaidi ya moja kumlipia. Wazazi wa Esteban Ocon waliuza nyumba wakaishi kwenye karavani, na baba yake alikuwa fundi kama mimi. Msimu mmoja wa Formula 3 unataka zaidi ya euro milioni moja. Piga hesabu kwa shilingi ukiwa umekaa. Hapa kwetu mchezo wa magari tunaoujua ni rali, tangu 1953 mbio za Safari zilipopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kiwanja cha kulelea mtoto wa Formula hatuna. Rwanda mwaka 2024 walitangaza wanataka kuandaa Formula 1, tuwaombee. Kwa sasa mwenye mtoto anayependa magari ningemwambia asiangalie usukani peke yake. Kwenye kila timu ya watu watatu wanaoendesha kuna mafundi na wahandisi wengi kuliko madereva, na mtoto anayeanza na spana VETA Chang'ombe yuko kwenye njia ambayo mzazi wa Dar anaweza kuilipia.

Kuhusu ratiba. Bahrain, Jeddah na Qatar saa zao ni zetu, hakuna hesabu ya kufanya. Ulaya, mbio kuu ya Formula 3 huwa mapema sana, mara nyingi saa tatu na nusu asubuhi ya Jumapili kwetu, Formula 2 inafuata kwenye saa tano. Anayesali misa ya kwanza anawahi zote mbili. Melbourne wanatutangulia saa nane mwezi Machi, asubuhi yao ni usiku wetu wa manane, kwa hiyo mbio za huko lala, tazama mukhtasari kukicha.

Na kama una wenzako, fanyeni tunachofanya sisi gerejini. Kila Ijumaa ya mbio kila mtu anaandika jina moja: nani atakuwa wa 12 kwenye mchujo. Anayepatia analipiwa supu na chapati mbili Jumamosi asubuhi. Jina linaandikwa kabla ya gari la kwanza kutoka piti, na simu ya anayeandika inakuwa mezani, kioo kinatazama chini.