Jibu: Programu yazunguka bila kukoma kwenye Raspberry Pi tu

Ndugu, usikimbilie Barabara ya Luthuli, Nairobi, kumrudishia muuzaji hiyo Pi, kompyuta yako ndogo. Hana kosa, angalau mara hii. Umesema kifurushi cha programu kinasoma faili vizuri kwenye laptopu ya amd64 (prosesa za x86), lakini kwenye Debian, yaani Linux, ya arm64 (prosesa za ARM, kama ya Pi) kinazunguka bila kukoma. Mimi namshuku `char`, aina ya data ya lugha ya C inayoshika herufi moja. Kwenye Linux ya x86 aina hiyo hubeba namba hasi, kwenye ARM haibebi. Basi mtu akiweka jibu la `getchar()`, inayosoma herufi moja moja, ndani ya `char`, EOF (alama ya mwisho wa faili) ambayo ni -1 inageuka 255, na kitanzi hakiuoni mwisho hata kikikesha. Chukua msimbo, uukompaili upya na `-fsigned-char`, inayoilazimisha `char` kubeba namba hasi. Ikitulia, mwizi umemshika. Dawa ya kudumu ni kuliweka jibu la `getchar()` ndani ya `int`, aina ya namba kamili.

Kuripoti, tumia `reportbug`, zana ya Debian ya kuripoti hitilafu, na utaje arm64 kwenye kichwa cha ripoti. Usipotaja, mtunzaji wa kifurushi mwenye amd64 atakujibu "kwangu inafanya kazi" (yamenikuta mara mbili). Pitia pia buildd.debian.org, panapoonyeshwa jinsi vifurushi vinavyojengwa kwa kila usanifu (aina ya prosesa), uone kama usanifu mwingine umekwama. Ila kujengeka salama hakumaanishi kitu. Hitilafu ya namna hii hujitokeza programu ikishaanza kukimbia.