C-130 Hercules: je, kila kazi ina ndege yake?

SWALI: C-130, ndege ya mizigo ya kijeshi ya Marekani, hubeba magari, majeruhi, hata dawa ya kuzima moto wa msituni. Ni ndege ile ile hugeuzwa, au kila kazi ina yake? Na mbona haichakai tangu iliporuka mara ya kwanza 1954?

JIBU: Kazi nyingi hufanywa na ndege ile ile, hubadilishwa kilichomo tumboni tu. Sakafu ya modeli ya C-130H ina urefu wa mita 12 hivi na upana wa mita 3, nayo iko mita 1 tu kutoka ardhini, kwa hiyo gari hupanda kwa rampu ya nyuma bila kreni. Usiku wa kuamkia 4 Julai 1976, Hercules 4 za Israel zilitua Entebbe na magari yakateremka humo humo. Ukifunga viti vya turubai wanakaa askari 92; ukisimamisha nguzo za machela wanalala majeruhi 74. Matangi ya kuzima moto nayo huingizwa kwa rampu, na humwaga lita 11,000 hivi kwa chini ya sekunde 5. Lakini ndege yenye skii za kutua barafuni, au AC-130, ile ya mashambulizi yenye mzinga wa milimita 105, hiyo ni ya kazi yake; huigeuzi kwa siku moja.

Hatari kubwa iko kwenye kufunga mzigo. Mzigo lazima uzuiliwe kwa nguvu ya mara 3 ya uzito wake kuelekea mbele, mara 1.5 nyuma na kila ubavu, mara 2 kwenda juu. Chukua gari la kilo 3,500: mbele linahitaji kizuizi cha kilo 10,500. Mnyororo wenye uwezo wa kuhimili kilo 4,500, ukivutwa kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka sakafuni na nyuzi 30 kutoka mstari wa urefu wa ndege, hubakiwa na asilimia 75 ya nguvu, yaani takriban kilo 3,400. Mitatu haitoshi, na minyororo hufungwa kwa jozi, basi weka 4 ya kuzuia mbele na 2 ya kuzuia nyuma. Usichanganye mnyororo na mkanda wa nailoni upande mmoja: mkanda hunyumbuka, mnyororo unabeba peke yake hadi ukatike.

Kuhusu umri, siri ya kuendelea kutumika ni pangaboi. Injini yake ya T56 huzunguka kwa kasi ile ile angani. Rubani akitaka nguvu, hubadilika pembe ya mapanga, na msukumo unakuja papo hapo. Upepo wake hupita juu ya bawa na kuongeza mnyanyuko, ndiyo maana njia fupi ya vumbi inatosha kuruka na kutua.

Ila kuchakaa inachakaa. Tarehe 17 Juni 2002 huko Walker, California, C-130A iliyokuwa ikizima moto ilikatika mabawa kwa nyufa za uchovu wa metali. Tarehe 10 Julai 2017 huko Mississippi, panga moja la KC-130T (aina inayojaza ndege nyingine mafuta angani) lililoliwa na kutu lilikatika angani, wakafa watu 16. Kwa hiyo anayekagua C-130 kuukuu asitosheke na idadi ya saa. Aulize zilirukwa vipi: saa moja ya kuruka chini na mzigo mzito huchosha kiungo cha katikati ya bawa kuliko saa nyingi za juu kwenye hewa tulivu.